Kiswahili cha Uani

Nilipoteremka Forodhani, sifa zangu zilikuwa zimenitangulia. Ami yangu, nduguye baba, alikuwa amewaambia watu wa mtaa mzima kuwa anakuja mtoto wa nduguye kutoka Shihiri, kijana aliyekwisha kuhifadhi Kurani, ambaye Kiarabu chake hakina pa kushikwa. Wazee wa barazani walinisogezea mkeka. Wakanisalimu kwa Kiarabu chao cha vitabuni, nami nikawajibu kwa ufasaha, wakatikisa vichwa kwa furaha. Muda wote wa salamu nilikuwa mtu mkubwa Mombasa. Salamu zilipokwisha wakarudi kwenye Kiswahili chao, wakabishana, wakataniana, wakacheka mpaka machozi, nami nimekaa katikati yao kama mtungi uliosahauliwa. Hasira ilinipanda siku hiyo hiyo, maana hasira mimi nimezaliwa nayo.

Ilikuwa miaka ile gari la moshi bado ni jambo la watu kwenda kulitazama, na Wazungu wa serikali walikuwa wakipita mjini wameketi juu ya vigari vilivyosukumwa na watu kwenye reli nyembamba, mwavuli juu, miguu imening'inia. Kwetu walinicheka nilipoaga. Nani anaondoka Uarabuni kwenda kusoma ng'ambo kwa Waswahili? Lakini shehe aliyekuwa akisomesha katika msikiti ulio nyuma ya nyumba ya ami alikuwa amekaa Makka miaka mingi. Baba alimjua huko, na alisema hamtaki mwingine wa kunisomesha. Nia yangu ilikuwa moja tu, nisome kwake mpaka aniruhusu nami kusomesha. Ami alikuwa na nia nyingine. Alikuwa na duka Kibokoni la tende, samli na papa mkavu, hakujaliwa mtoto wa kiume, na kila alipoitazama mikono yangu nilijua anaiona imeshika mizani.

Shehe alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiye mpole wa kitu kingine chochote. Tulizungumza Kiarabu asubuhi nzima, akanipima kitabu baada ya kitabu, nami nikafurahi, nikasema moyoni kuwa hapa nimefika. Kisha akafunga kitabu.

"Kusoma wajua," alisema. "Lakini mwanafunzi wangu huketi mbele ya watu wa mji huu akawafahamisha somo kwa lugha yao. Kiarabu wanakisikia tangu watoto, wamechoka kukisikia, wanataka kukifahamu. Nakupa mpaka Ramadhani. Ramadhani ikikukuta hujaweza, nenda ukamsaidie ami yako dukani. Nayo ni kazi ya halali."

Nilitoka pale nimevimba. Hilo la kazi ya halali liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimpenda ami yangu, lakini sikuvuka bahari kuja kupima papa.

Mwanzoni niliona jambo lenyewe ni jepesi. Kiswahili kimejaa maneno yetu, nikajiambia, nitashika ya kwetu, nitayafunga kwa vijineno vyao vya katikati, basi. Katika darasa la pili nikasimama nikafasiri mlango mzima wa kitabu kwa namna hiyo. Wenzangu walinisikiliza kwa adabu. Shehe akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa akisubiri adhana karibu na nguzo, akamuuliza amefahamu nini. Mzee akasema amefahamu kuwa kijana ana sauti nzuri. Shehe akaniambia nikae chini, kwani nilichosema ni Kiarabu kilichovaa kikoi.

Nisingetoka hapo, nadhani, lau si homa. Homa ya Mombasa haikumkosa mgeni siku zile. Ilinikamata nikiwa kwenye kile chumba cha nje cha wageni, nikatetemeka mpaka kitanda kikalia, na ami akaamuru niingizwe ndani niuguzwe. Ndani ndiko alikokuwa Bibi.

Huyu alikuwa mama wa mke wa ami, mwenyeji wa Mvita baba na mama, mjane wa siku nyingi, mfupi, mwenye meno machache na maneno mengi. Kutwa alikaa uani juu ya kibao chake, katikati ya jiko na kisima, akaiendesha nyumba nzima pasipo kusimama. Alikuwa mkali kwa tangawizi yake, akiificha hata kwa binti yake. Alimjua kila mtu wa mtaa, nani kaoa wapi na nani kaachwa kwa nini, na kila habari aliyoniambia alinikataza kuirudia. Siku ya kwanza niliyofumbua macho aliniinamia na bakuli la uji wa pilipili manga, akasema, "Amka unywe, mume wangu."

Kwa Kiswahili changu kidogo nilijua maana ya mume. Nikadhani ni homa. Kesho yake akarudia, mbele ya binti yake, na binti akacheka. Siku ya tatu alimwambia mwanamke mmoja aliyekuja kunijulia hali kuwa asinitazame sana, mume mwenyewe ni mmoja na yeye hapendi ukewenza. Mimi nikaona nyumba hii ina jambo. Nilipopata nguvu ya kukaa nilimwita ami, nikamweleza kwa Kiarabu, kwa masikitiko makubwa, kuwa mama mkwe wake amepungukiwa na akili, au amekusudia ndoa, na kwa vyovyote vile mimi siwezi. Ami alinitazama, akatoka. Nilimsikia uani akiwaeleza. Kicheko kilichotoka huko nakisikia masikioni mpaka leo. Ndipo nikafahamishwa kuwa hapa mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, na asiyeitwa hivyo ndiye wa kusikitika.

Basi nikawa mume. Nilipopona sikurudi chumba cha nje mchana. Nilikaa uani, na kwa kuwa Bibi hakuvumilia mtu asiyekuwa na kazi mkononi, nilichambua mchele, nikamenya vitunguu saumu, nikajifunza kukaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, jambo ambalo kwetu mwanamume angelifanya kwa kujificha. Hakunifundisha Kiswahili. Alikataa tu kunipa kitu nisichokiomba vizuri. Nikinyoosha kidole kwenye chungu alikuwa akikitazama kidole changu kama kitu kigeni. Nikisema neno la Kiarabu aliniambia niseme kama watu. "Una ndaa?" aliniuliza, ndiyo njaa kwao. "Basi sema kama mwenye ndaa, si kama kadhi." Chungu kikawa kinachemka mbele yangu, nami natafuta maneno, na maneno yakaja, kwa sababu yule mwanamke alipika mbaazi za nazi ambazo sijazionja tena.

Nilijua tui zito na tui jepesi kabla sijajua jina la siku za wiki. Nilijua namna ya kumsema mtu mwenye kimbelembele, namna ya kumpa pole mfiwa na ya kumpongeza mzazi, namna ya kukataa bila kusema hapana. Nilijua kushangaa kwa kupiga ulimi kwenye meno. Niliwasikiliza Bibi na binti yake wakizungumza na wageni kutoka alasiri mpaka magharibi, na siku moja nikagundua kuwa nacheka pamoja nao, na sikumbuki ni lini nilianza. Niliona furaha sana. Nikajiona nimewiva.

Kwa uhodari huo nikarudi kusimama darasani. Somo lilikuwa eda ya mjane, na Shehe alitupa mfano wa mwanamke ambaye mashemeji wanamtoa nyumbani kabla eda haijaisha, akauliza nani atasema hukumu yake na kuieleza. Nikainua mkono mbele ya wote. Nikafungua kinywa, na hiki ndicho kilichotoka: "Aka, masikini mwana wa watu, eda hajaimaliza wamtoa nje, wampeleka wapi na mashuka yake?" Na ulimi nikaupiga kwenye meno.

Darasa lilianguka. Mwanafunzi mmoja wa Siyu, kijana mzuri ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu wa kweli, alijifunika uso kwa kanzu. Mwingine akasema, "Karibu Bibi, mpisheni Bibi apite." Hukumu yangu ilikuwa sahihi kabisa, lakini hakuna aliyeisikia. Mimi, mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kushika, nilikuwa nimezungumza mbele ya wanaume wenzangu kama kikongwe cha Mvita, kwa sauti yake, kwa mikono yake. Tangu siku hiyo walinipisha mlangoni wakisema, "Bibi kaja." Walikuwa wakinipenda, najua sasa, lakini siku ile ningeweza kuwatupa wote kisimani.

Nikafunga mdomo. Darasani nilisikiliza nikainamia kitabu, barazani nilitikisa kichwa. Nyumbani nako nikanyamaza, na Bibi hakuwa mtu wa kunyamaziwa.

"Mbona wanitolea mato?" aliniuliza siku moja, maana nilikuwa nikimkodolea macho. "Nimekufanyani?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tena kwa ukali, kuwa amenifanya mwanamke mzee, kuwa watu wananicheka, kuwa Ramadhani imekaribia na mimi nitapelekwa dukani kwa sababu yake.

Hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kupepeta mchele wake. "Na hao wakuchekao," alisema, "mama zao waliwalea kwa Kihindi?"

Nikazidi kukasirika. Niliondoka nikaenda kwa yule kijana wa Siyu, nikamwomba anifundishe Kiswahili cha wanaume, kile cha kuketi nacho mbele ya watu. Alikuwa hodari wa maneno makubwa. Akanipangia ufunguzi wenye hadhirina na waheshimiwa na taadhima, sentensi moja ndefu iliyochukua pumzi tatu, na baada yake maelezo ya somo zima, neno kwa neno, nami nikayahifadhi kama nilivyozoea kuhifadhi. Asubuhi nilikwenda Ras Serani, ambako wakati ule hapakuwa na mtu ila upepo na mbuzi, nikawahutubia mbuzi. Walinitazama wakitafuna. Nilirudi mjini nikijiona mwanachuoni.

Ramadhani ikaingia. Shehe alikuwa na darsa kila siku baada ya laasiri, na msikiti ulijaa, kwa kuwa saa zile tumbo limechoka na mtu hana pengine pa kwenda. Wanaume walikaa ndani wakiegemea nguzo. Wanawake walisikiliza majumbani, kwenye madirisha ya juu yaliyouzunguka ua wa msikiti, na dirisha la nyuma la nyumba yetu lilikuwa mojawapo. Shehe akaniambia siku yangu ni ipi na somo ni lipi. Lilikuwa sura fupi, katika zile ambazo kila mtu mjini pale alizijua kwa moyo. Akasema, "Leo wao ndio watakaokupima, mimi nitakaa tu." Ami alifunga duka mapema akaja. Alikaa karibu na mlango, uso wake mwema kabisa, na mimi nilijua kuwa nikishindwa atanishika bega kwa upole tutoke, na kesho kutakuwa na kanzu ya kazi imewekwa juu ya kitanda changu.

Nikaketi. Nikasoma sura kwa sauti nzuri, nayo haikunipa taabu. Kisha nikaanza ufunguzi wangu, hadhirina na waheshimiwa, na nikauona msikiti ukilala. Sisemi kwa mfano. Kidevu cha kwanza kilishuka nikiwa bado kwenye taadhima. Mzee wa nguzo, yule aliyeisifu sauti yangu, alifumba macho kwa raha. Nilikwenda mbele, maneno yakitoka moja nyuma ya jingine kama nilivyoyapanga, na mwenyewe sikuwa nikiyasikia. Kichwani nilikuwa nikisoma tu nilichokihifadhi, nikiomba Mungu nisisahau. Mtu mmoja akaanza kukoroma.

Safu ya mbele alikaa mwenye duka la nguo, mtu mnene, mwenye sauti ya mnadi, asiyejua kunong'ona. Akamwinamia jirani yake akanong'ona, na msikiti mzima ukasikia: "Huyu Mshihiri angaliuza papa wake tu. Papa hunuka, lakini twamfahamu."

Watu wakacheka puani. Nikamwona ami akiinamisha kichwa. Na mimi hasira ikanipanda kutoka miguuni, zikaondoka nazo hadhirina na waheshimiwa zote, sikubaki na neno hata moja la yule kijana wa Siyu. Nikamgeukia yule bwana.

"Ewe bwana," nikamwambia, "tumbo umelifunga, mdomo mbona umeuacha wazi? Wangoja nzi wafuturu? Huoni haya, mtu mzima na ndevu zako, waja nyumba ya Mungu kunusa papa?"

Nilikuwa nimeshika kiuno. Ndipo nilipojisikia. Ilikuwa ni sauti yake, mkono wake, na ule ulimi kwenye meno mwishoni. Kutoka juu, madirishani, kikateremka kicheko cha wanawake, kisha wanaume wakakipokea, na hakuna aliyekuwa amelala tena. Yule bwana mwenyewe alikuwa amefungua mdomo zaidi. Nikaona nimekwisha. Nikamtazama Shehe, nikingoja aniambie nisimame niende. Alikuwa ameinamia tasbihi yake.

"Endelea," alisema. "Hivyo hivyo."

Nikaendelea. Sikuwa na kingine cha kuendelea nacho ila kile nilichokuwa nacho. Nikaweka mikono chini, nikawatazama watu, nikawaambia somo kama ambavyo ningemwambia mtu uani huku nikikuna nazi. Sura ile mwisho wake inawasema watu wanaosali na huku wanawanyima wenzao vitu vidogo vya nyumbani. Wafasiri wamevitaja vitu hivyo kwa Kiarabu, na yule kijana wa Siyu alikuwa amenipa neno zuri sana la kuvikusanya vyote. Mimi nikavitaja kimoja kimoja. Nikawaambia yuko mtu safu ya kwanza haimpiti, paji la uso limeota sugu. Nenda kamwombe kaa la moto uwashie jiko lako, atakwambia moto umezimika, na moshi wenyewe unawatoa machozi nyote wawili. Mwombe chumvi, chumvi imelowa. Mwombe kifumbu ukamulie tui, kifumbu kimepotea tangu mfunguo mosi. Na wa nyumba ya pili akija kuazima kinu, apate kutwanga ngano ya futari, ataambiwa kinu kimepasuka. Nacho kiko nyuma ya mlango, kizima, kimefunikwa leso.

Hilo la kinu watu walilipenda kuliko yote. Walipigana mapaja. Wengine waligeuka wakawatazama wenzao kwa namna ya watu wanaojua kinu cha nani. Na mimi nililisema vizuri, nikaishusha sauti kwenye kupasuka kama mtu anayetoa habari ya msiba, na hapo, katikati ya kicheko chao, nikakumbuka nilipolipata. Juzi yake nilikuwa uani. Mwanamke wa nyumba ya pili akapiga hodi akaomba kinu, na Bibi, ambaye hapendi kinu chake kiende mahali, akamjibu kwa masikitiko makubwa kuwa kimepasuka. Mimi sikufikiri lolote juu ya dhambi wala thawabu. Nilikuwa nikisikiliza namna alivyoishusha sauti, nikaipenda, nikaiweka.

Juu, nyuma yangu, nikasikia dirisha likifungwa. Niliujua mlio wake.

Sikuacha. Nilimaliza somo, na nilipomaliza watu hawakuinuka. Wakauliza maswali. Mmoja akauliza kama nanga ya mtumbwi inaingia katika vyombo hivyo. Mwenye duka la nguo akauliza, kwa unyenyekevu ambao sikuutarajia, mwavuli je, na je kama aliyeuazima mwaka jana aliurudisha umevunjika? Nikamjibu, akajibu, nikamjibu tena, na katika kubishana kwetu nikasahau kabisa kuwa nazungumza lugha ya watu. Nilikuwa nazungumza tu. Furaha niliyoisikia pale, nimesoma na kusomesha miaka mingi baada yake, na sijui kama nimewahi kuipata nyingine ya kulingana nayo.

Watu walipotawanyika kwenda kufuturu, Shehe aliniita. "Kesho kaa pale pale," alisema. "Na siku zilizobakia zote." Akakunja msala wake. "Yule bwana mwombe radhi, ni mkubwa wako. Lakini mwombe baada ya darsa ya kesho, asije akalala tena."

Nikaenda nyumbani na ami. Alitembea pole pole, mikono nyuma, na tulipofika mlangoni akasema kuwa yuko kijana mmoja wa Kuze, mwaminifu, anayetafuta kazi ya duka. Niliubusu mkono wake, naye akakiweka kiganja chake kwa muda juu ya kichwa changu, kisha akaniambia niingie, tende zinangoja.

Lakini mimi nilikuwa na jambo jingine la kuogopa. Tulikaa kufuturu. Mke wa ami alileta kaimati na muhogo wa nazi, akiuma mdomo kuzuia kicheko, na sahani yangu ilikuja bila kaimati hata moja. Tuliposali nikaingia uani. Bibi alikuwa juu ya kibao chake, ananipa mgongo. Nikachuchumaa mbali kidogo. Nikamwambia nisamehe, Bibi, sikukusudia, ilinitoka. Hakugeuka. Nikamwambia mji mzima wamelicheka jambo lenyewe, hakuna aliyejua ni kinu cha nani.

"Wamejua," alisema. "Mtaa huu wote waijua leso yangu."

Aliupepea moto ambao haukuwa na haja ya kupepewa.

"Ile sura," akasema, "ndiyo niisomayo mimi. Kila sala. Nalifundishwa nikiwa mtoto, nikaishika kwa kuwa ni fupi, na magoti yangu haya sasa hayataki ndefu." Akaweka kipepeo chini. "Miaka yote hiyo nasimama mbele ya Mola wangu, kumbe najisema mwenyewe."

Nilitaka kumwambia lolote la kumtuliza. Nilikuwa na maneno mengi ya Kiarabu ya mahali kama pale, mazuri, ya rehema na msamaha, na nikaona hayamfai. Nikasogea karibu nikaketi, bega langu kwenye bega lake. Akaniacha nikae. Baadaye akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akauliza kesho ninasoma sura gani. Nikamwambia inayofuata.

"Ina nini ndani yake? Niambie mapema, nijue wapi pa kujificha."

Kisha akanielekeza kwa kidevu nyuma ya mlango. "Mpelekee yule mwanamke. Ngano yake haijatwangwa. Na mchi usiusahau, asije akaona twampa nusu."

Kilikuwa kinu kizito, cha mti wa bara, nikakibeba begani na mchi mkono wa pili, nikatoka kwenye kichochoro. Nyumba ya pili mlango ulikuwa umeegeshwa, ndani kuna taa na sauti za wanawake wengi. Zamani kidogo ningekitua pale nje nikakimbia. Nikapiga hodi. Sauti zikakatika, mwenye nyumba akauliza nani, nikamwambia ni mimi wa kwa Bibi, nimeleta kinu.

"Kinu?" akasema. "Si kimepasuka? Kimepona lini?"

"Hakijapona, mama," nikamwambia. "Kimetubu leo, baada ya laasiri."

Walicheka mpaka mmoja wao akaomba maji, na upande wa pili wa ukuta, uani kwetu, nikamsikia Bibi naye akicheka. Nikasimama pale na kinu begani, natweta, nimefurahi kupita kiasi. Jibu lile sikufundishwa na mtu.